Mapazia ya Madirisha Sita

Mtaa mzima ulijua kwamba nyumba pekee isiyokuwa na pazia hata moja ndiyo nyumba ya fundi wa mapazia. Watu walicheka mpaka wakachoka. Bibi Pazia, ndivyo walivyomwita, alikuwa ameziba madirisha yake kwa magazeti na shuka mbili zilizopauka, na ukithubutu kumuuliza alikujibu kwa ukali huku akikutolea macho. "Nitundike pazia la nini? Mimi si wa kukaa hapa. Naondoka."

Na kweli alikuwa anaondoka. Tatizo ni kwamba alikuwa anaondoka kwa mwaka mmoja na miezi saba.

Ilianza na barua. Mume wake alikuwa fundi wa lifti, mtu mpole, mchache wa maneno, aliyekuwa anaweza kukaa na wewe saa nzima akasema "hm" mara mbili tu. Kampuni moja ya ng'ambo ikamwandikia kumpa kazi, yeye na familia yake, makazi juu yao. Loo! Bibi Pazia aliisoma ile barua mpaka ikapasuka kwenye mkunjo. Wakapimwa afya, wakapigwa picha za kutocheka, wakajaza fomu, wakarudishiwa fomu, wakajaza tena. Mwisho wakapewa tarehe ya usaili ubalozini, na hapo mama akavua ngozi ya subira. Akauza kabati, makochi, jokofu, meza ya kulia na vitanda viwili. Mapazia yake mwenyewe, aliyoyashona kwa mkono wake, aliyauza yakiwa bado yananing'inia. Mnunuzi alikuja na ngazi. Akabakiza cherehani, magodoro na vyombo vya kupikia, akasema siku chache hizi tutajibana.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kufika usaili, ule ugonjwa wa kuambukizana ulipoingia. Ubalozi ukafunga geti na kubandika karatasi: huduma zimesimama mpaka itakapotangazwa tena. Ikatangazwa lini? We subiri tu. Wakalala chini, wakala chini, binti yao wa miaka kumi na tano akasomea chini kwa simu kwa sababu shule nazo zilifungwa, na sauti zao zikawa zinarudi ukutani kama wako ndani ya pipa.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye hapo ndipo alipozidi kung'ang'ania, na alikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe haikuwa pesa wala maghorofa. Zamani, binti akiwa mchanga, mume alipata kazi mji wa mbali akakaa huko miaka sita. Alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Mtoto alijifunza kutembea baba hayupo, akaota meno na kung'oka meno baba hayupo, na siku moja baba alipobisha hodi, mtoto wa miaka mitatu alikimbia jikoni kusema, "Mama, kuna mgeni." Bibi Pazia aliicheka ile habari mbele za watu kwa miaka mingi, lakini akiwa peke yake haikumchekesha hata kidogo. Kwa hiyo barua ya ng'ambo ilipofika alimwekea mume wake sharti moja, akaliweka akiwa amesimama, mikono kiunoni: tunakwenda watatu, au hatwendi. Mume akasema "hm", kisha akaona haitoshi, akasema, "Watatu."

Sasa hapo katikati ya kungoja ndipo mwenye nyumba alipopiga simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Mimi nimezeeka, nauza hiyo nyumba. Ninyi mmekaa miaka kumi na moja bila kunisumbua, nawapa nafasi ya kwanza. Msipotaka, mwisho wa mwezi nampa mwingine. Na huyo mwingine kama atawaacha mkae au atawatoa, hilo mimi sitaliweza."

Jioni ile waligombana mpaka chakula kikapoa. Mume ndiye aliyeanza, na kwa jinsi alivyokuwa bahili wa maneno, siku ile alishangaza. "Tununue," alisema. "Mwaka na zaidi tunalipa kodi ya ghala tupu. Tukiondoka tutaipangisha. Tusipoondoka tutakuwa na pa kuweka kichwa."

"Tusipoondoka?" Bibi Pazia aliuweka mkono kifuani. "Neno hilo umelitoa wapi?"

"Nasema tu."

"Usiseme tu. Pesa tuliyonayo ni tiketi tatu na miezi ya kwanza huko. Ukiigeuza ukuta, ubalozi ukifunguliwa kesho utawapelekea nini, tofali? Nyumba haibebwi mgongoni, bwana wewe. Mpangaji akiitwa anafunga virago anaondoka. Mwenye nyumba akiitwa anaanza kutafuta mnunuzi."

"Na mzee akiuza, tukatolewa kipindi hiki? Nani atapokea wapangaji wapya watu wanaogopana hivi?"

"Tutapata chumba. Kimoja kinatutosha. Tuna nini cha kujaza viwili?"

Binti alicheka hapo, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Baba alisugua paji la uso, akatazama sakafu, akasema, "Basi. Nimekusikia." Bibi Pazia akaridhika. Jamani, mtu akikwambia nimekusikia hajakwambia nimekubali, lakini yeye alikuwa ameshinda, na aliyeshinda hasikilizi vizuri.

Mwisho wa mwezi ukafika ukapita. Mzee hakupiga simu. Hakuna aliyekuja kubisha hodi na kukagua paa. Bibi Pazia akajiambia kwamba mzee ameghairi, au amekosa mteja, nani ananunua nyumba watu wakiwa na barakoa mpaka machoni? Akaendelea na kazi zake.

Kazi yake nayo ilikuwa imepinduka chini juu. Tangu aanze ufundi hakuwahi kushona pazia la dirisha ambalo hajalipima kwa mkono wake. Alikuwa mkali kwa hilo. Ukimletea vipimo kwenye kikaratasi alikurudishia kikaratasi chako, kwa sababu wenye nyumba hupima kioo wakasahau fimbo ya kutundikia, au wanapima wakiwa wamesimama upande, halafu pazia likija fupi wanamlaumu fundi. Lakini sasa nani angemkaribisha fundi sebuleni? Watu waliogopa hata kupokea chenji. Akameza kiburi chake, akaanza kupokea vipimo kwa simu, anashona, anapeleka mlangoni, anarudi nyuma hatua tatu.

Ndivyo alivyopata ile oda. Namba ngeni, ujumbe mfupi: "Habari fundi. Nahitaji mapazia ya madirisha sita. Vipimo hivi hapa chini. Kitambaa na rangi chagua mwenyewe, chagua kama unajishonea." Na kabla hajajibu, malipo yakaingia kwenye simu. Yote, bila kuulizana bei. Mteja wa namna hiyo ni wa kumuombea dua asubuhi na jioni.

Ila vipimo vyake! Bibi Pazia alisoma akashika mbavu. "Dirisha la sebule, upana elfu mbili mia nne! Huyu anakaa nyumbani au anakaa kwenye karakana ya ndege?"

Binti hakuinua uso kwenye simu yake. "Toa sifuri moja moja, Mama. Ni milimita."

"Milimita! Nani anapima pazia kwa milimita?"

"Sijui."

Akatoa sifuri. Akaenda dukani, akachagua kitambaa kizito rangi ya mchanga, chenye mstari mwembamba wa kijani, na bitana nyeupe. Ni kitambaa alichokipitia kwa macho miaka mitatu, akikishika ncha na kukiachia. Alishona siku nne kwa raha ambayo hakuwa ameionja muda mrefu. Marinda aliyapanga akayapangua akayapanga tena. Akimwona mumewe anaingia jioni na ovaroli lake la kazi, alimwonyesha: "Tazama, kuna watu wana bahati hapa duniani." Mume alilishika pazia kwa vidole viwili, akasema "hm," akaenda kunawa.

Siku ya tano, Jumatano, saa nne asubuhi, lilibaki dirisha moja tu, la jikoni. Binti alikuwa chumbani kwake na masomo yake. Bibi Pazia alivaa miwani, akasoma: upana mia tisa, urefu, kushoto mia tisa na themanini, kulia mia tisa na arobaini.

Akasoma tena. Upande mmoja umezidi mwenzake sentimita nne. Alidhani mteja amekosea, akataka kumpigia. Kidole kikiwa juu ya simu, kikaganda hapo hapo.

Maana katika maisha yake yote ya ufundi alikuwa ameona dirisha moja tu la hivyo. Wiki ya kwanza ya kuhamia nyumba hii alishona pazia la jikoni likakataa kukaa sawa, akalifumua mara mbili, na alipogundua kwamba ni dirisha lenyewe lililopinda, alimtukana mwashi aliyelijenga matusi ambayo hayaandikiki.

Aliinuka na futi shingoni. Alipima. Kushoto tisini na nane. Kulia tisini na nne. Akapima tena, akidhani macho yanamdanganya. Akaenda sebuleni, akang'oa gazeti, akapima lile kubwa. Mia mbili na arobaini. La pembeni, sawa. Chumba chao, sawa. La ukumbi, lile dogo, sawa. Chumba cha binti hakuingia. Hakuwa na haja tena. Akajishikiza kwenye cherehani.

Siku nne zote hizo alikuwa anashona mapazia ya nyumba anayolala.

Wazo la kwanza lilimjia kama kofi: mzee ameuza. Nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe keshaagiza mapazia, tena kwangu mimi, nimshonee kwa mikono yangu halafu anitupe nje! Uso ulimwaka kwa hasira na aibu. Lakini aliingia lini humu, huyo mtu? Yeye siku hizi hatoki ila kwenda dukani au kupeleka kazi, na mlango una funguo mbili tu. Moja anayo yeye. Akatazama tena zile namba, elfu mbili mia nne, mia tisa na themanini, hakuna hata moja iliyokadiriwa. Mtu wa kawaida anapima kwa sentimita, au kwa shubiri. Anayepima kwa milimita ni yule ambaye lifti yake ikikosea kidogo tu inakwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na watu ndani.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti.

Jalada la safari lilikaa kwenye mfuko wa plastiki juu ya rafu ya jikoni, mbali na maji. Alilishusha. Juu kulikuwa na fomu, nakala za fomu, risiti za fomu. Chini yake, karatasi ngeni yenye muhuri wa wakili. Hati ya mauziano ya nyumba. Muuzaji: jina la mzee. Mnunuzi: jina la kweli la Bibi Pazia mwenyewe, kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Na chini, saini.

Saini yake. Ile ile yenye mkia mrefu. Hapo kichwa kilimzunguka kwelikweli, maana mtu anaweza kughushi jina lakini ule mkia aliujua, ulikuwa wake. Mpaka akakumbuka Jumapili moja, sindano mdomoni, mumewe akamletea lundo la karatasi juu ya cherehani: saini hapa, na hapa, hapa pia. Mwaka mzima na zaidi alikuwa anasaini makaratasi ya ubalozi. Alikuwa ameshaacha kusoma zamani.

"Ameninunulia nyumba kwa nguvu," alisema. "Ameila tiketi yangu." Na hasira ilimpanda vizuri sasa, hasira yenye mtu wake. Akatia mkono chini ya jalada kutafuta pasipoti, azishike zote tatu mkononi amrushie usoni akirudi. Akazitoa. Yake. Ya binti. Akakung'uta mfuko. Akakung'uta jalada, karatasi zikamwagika sakafuni, akapiga magoti akazipekua moja moja.

Pasipoti zilikuwa mbili.

Mume alimkuta hapo hapo chini, saa sita mchana. Alisimama mlangoni na ovaroli lake, akaona karatasi zilivyotapakaa, akaona madirisha yaliyong'olewa magazeti, akavua kofia.

"Pasipoti yako iko wapi?" Sauti ya mkewe ilikuwa ndogo mno, na hilo lilimtisha kuliko kelele.

"Ubalozini."

"Ubalozi umefungwa."

"Wanawaita wafanyakazi peke yao. Familia zimesimamishwa. Hawajui mpaka lini. Mke wangu, kule kazini walitupunguza tangu mwezi wa tatu. Ofisi zimefungwa, lifti hazipandi, hakuna kinachoharibika. Nilikuwa natoka asubuhi ili..."

"Mwezi wa tatu?"

"Ndiyo."

"Ovaroli hilo nalifua la nini?"

Alichuchumaa mbali kidogo naye, mikono juu ya magoti, na yule mtu wa "hm" akamwaga maneno kama mfereji uliopasuka. Kwamba kampuni ilisema aje sasa au nafasi inakwenda kwa mwingine. Kwamba asingeweza kuwaacha kwenye nyumba ya kupanga, mzee akiuza wapi waende, mama na mtoto wa kike, kipindi hiki. Kwamba akiba yote pamoja na kiinua mgongo ameiweka hapa, na hati ni ya jina la mkewe ili mtu yeyote asije akamsumbua. Kwamba alijaribu kumwambia, mara nne, na kila mara alimkuta anaongelea safari, akashindwa. Mapazia yalikuwa wazo lake. Ile namba ni ya rafiki yake wa kazini. Alitaka angalau yawe mazuri.

"Lini?" aliuliza Bibi Pazia.

"Mkataba ni wa miaka mitatu."

"Sikuuliza mingapi. Nimeuliza lini."

"Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Hii."

Alimtazama mumewe muda mrefu, kama anayetafuta mahali pa kumshika. Kisha macho yakahama yakaenda dirisha la sebule, lile la mita mbili na sentimita arobaini, na ufundi ndani yake ukauliza swali kabla yeye hajataka kuuliza. Dirisha lile halipimwi na mtu mmoja. Yeye mwenyewe alilipima asubuhi ile peke yake, futi ikamponyoka upande wa pili mara tatu.

"Nani alikushikia futi?"

Mume aliinamisha kichwa. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na binti alikuwa amesimama hapo, sijui tangu lini, simu mkononi, masomo yakiendelea kuongea peke yake.

"Ulikuwa umekwenda kununua uzi," alisema. "Baba aliniapisha. Mama, nilitaka kukwambia, wallahi, ile siku ya milimita nilitaka kukwambia. Lakini ulikuwa unacheka. Ulikuwa hujacheka hivyo siku nyingi."

Bibi Pazia angeweza kumvumilia mume mwongo. Wanawake wengi wanaweza. Lakini kwamba hawa wawili walisimama hapa sebuleni mwake, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, wakijua, wakasomeana namba wakaandika, na yeye akaja na uzi wake akaanza kushona akiimba! Alijiona mjinga. Na chini ya ujinga ule kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi, ambalo lilikuwa linamjia polepole: kwamba kijana wa kike huyu mlangoni, siku baba atakaporudi, atakuwa na miaka kumi na minane.

"Usiende," alisema.

Neno lenyewe lilimshtua. Mwaka na miezi saba hakuna aliyeitaka safari ile kuliko yeye.

"Nimeshasaini," alisema mume.

"Na mimi nilisaini, bila kujua. Fumua. Mrudishie mzee nyumba yake, chukua pesa, waambie hao watu mkeo amekataa. Niko tayari kulala chumba kimoja. Niko tayari kulala barazani."

"Halafu tule nini?"

Bibi Pazia akageukia cherehani. Mapazia sita aliyojishonea kwa pesa yao wenyewe ndiyo kazi kubwa aliyoipata tangu ugonjwa uanze. Ilimpiga hapo hapo kwamba hata oda ile haikuwa oda. Mume naye alikuwa analia sasa, bila sauti, vile wanaume wasiozoea wanavyolia, akifuta pua kwa kofia.

Kisha Bibi Pazia aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda kona ya chumba chao, akaburuta mabegi matatu hadi sebuleni. Alikuwa ameyapakia yeye, siku ile ile walipopewa tarehe ya usaili, na kwa kuwa aliogopa uzito uwanja wa ndege, alikuwa amezichanganya nguo za wote watatu, sawa kwa sawa, ili lisizidi begi hata moja. Akafungua zipu ya kwanza. Shati la mumewe, chini yake gauni lake, chini yake soksi za binti.

Mume akasogea. "Niache mimi nitazitenga."

"Kaa huko. Hujui kukunja."

Akatoa shati, akalikung'uta, akalikunja upya juu ya goti lake, akampa binti. Binti akalipokea kwa mikono miwili, akalipeleka kuliweka peke yake upande wa mlangoni, akarudi kungoja jingine.